Matofali ya Misioni na Nafasi ya Altare: Hukumu juu ya Makanisa ya Kijijini, toka Mpala hadi Lubudi

I. Swali lenyewe

Katika parokia za vijijini za inchi ya Lubudi swali moja linarudi kila baraza la parokia linapokutana: tulifanyie nini kanisa la zamani? Wengine wanasema libomolewe, sababu limekuwa dogo, tena lina giza, na mahali pake tujenge kanisa kubwa la simenti na manjanja mapya. Wengine wanasema lisiguswe hata kidogo, sababu wazee wetu walibatizwa mle, na waashi walioliinua ni babu zetu. Wengine tena wanashika njia ya tatu: wanalipaka simenti toka msingi hata chini ya paa, kusudi lionekane jipya siku Askofu anapokuja kutoa Kipaimara.

Kila upande una sababu yake, wala hatutaki kumdharau mtu. Lakini tunaona kwamba watu wanajadili ukubwa, sura na bei, nao wanasahau swali lililo la kwanza: kanisa hili lilijengwa kwa kazi gani, na kazi inayofanyika ndani yake leo ni ile ile? Kila nyumba hupimwa kwa kazi yake. Ghala nzuri si ile yenye mlango uliochongwa vema, bali ile isiyoingiza panya wala maji. Kanisa nalo lina kazi yake, na asiyeijua kazi hiyo atasifu mnara na kusahau altare.

Hatuandiki kama wahandisi. Tunaandika kama mapadri ambao kila Dominika tunatoa sadaka ya Misa katika nyumba hizi, na ambao baadaye tutaulizwa tulizitunza namna gani. Hukumu yetu tunaitaja tangu mwanzo, msomaji asihangaike kuitafuta: matofali ya misioni yanastahili kutunzwa, lakini namna watu walivyopangwa mbele ya altare katika nyumba hizo haistahili kutunzwa yote. Anayebomoa kuta anapoteza mali ambayo hatairudisha. Anayeacha altare imefungwa ukutani anatunza mawe, na kuwanyima Wakristu haki yao.

II. Mpala: boma lililogeuka kuwa misioni

Ili tuelewe makanisa ya kwetu, sharti kwanza tutoke Lubudi, twende mashariki hata pwani ya magharibi ya ziwa Tanganika. Katika inchi yote iliyopata baadaye kuitwa Katanga, Mpala ni mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo wamisionari Wakatoliki walikaa na kujenga. Namna yao ya kujenga pale inatusaidia kusoma mengi yaliyofuata.

Lakini Mpala haikuanza kama misioni. Mwaka 1883 Emile Storms, askari Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, chombo cha mfalme Leopold II, alijenga boma karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani, nyuma ya kufanya undugu wa damu na mkubwa wa pale. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimwua Lusinga, mkubwa mwenye nguvu wa nchi ya jirani, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Mambo haya hatuyasemi kwa kuchokoza. Tunayasema sababu mwaka 1885, mfalme alipogeuza macho yake kwenye inchi ya chini ya Kongo, boma hilo lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na Padri Isaac Moinet na Padri Auguste Moncet wakaingia ndani yake. Misa za kwanza za Mpala zilisomwa katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya vita na utawala.

Hali ya siku zile inaeleza kwa nini mapadri hawakubomoa kuta. Misafara ya wafanya biashara wa watumwa ilikuwa ikipita pande zote za ziwa. Watu waliokombolewa, wajane, yatima na wakimbizi walikuja kutafuta kivuli. Mwaka 1887 akafika Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, kwa kulinda misioni na vijiji vyake kwa bunduki. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alikuwa hata na wazo la kuunda ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika. Wazo hilo halikutimia, sababu Dola Huru la Kongo lilikuja kushika utawala wote. Lakini liliacha alama katika namna ya kupanga misioni: ukuta, uwanja, kengele inayoamuru saa za kazi na za sala, na padri aliye pamoja mchungaji, hakimu na mwenye shamba.

Msomaji wa Lubudi asifikiri kwamba habari hii ni ya mbali. Bunkeya, mji wa Msiri, iko ndani ya teritwari yetu. Pale nako wageni walifika wakakuta boma: Frederick Stanley Arnot, mhubiri Mprotestanti, alifika mwaka 1886, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa na watu wa msafara wa kapiteni Stairs. Wazee wetu walijua vema maana ya boma. Walijua kwamba mwenye ukuta ndiye mwenye neno. Kwa hiyo walipoona misioni inainua ukuta wa matofali, mirefu kupita nyumba zote za kijiji, hawakuona nyumba ya sala tu. Waliona pia makao ya mkubwa mpya. Mtu akitaka kujua kwa nini hata leo Mkristu mzee anavua kofia yake na kuinamisha kichwa akipita mbele ya nyumba ya mapadri kabla hajafika kanisani, atapata hapa sehemu moja ya jibu.

Hata hivyo tukiishia hapo tutasema uongo kwa kunyamaza. Katika kuta zile zile za Mpala Stefano Kaoze alianza masomo ya useminari. Kaoze alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 kwa mikono ya Mgr Victor Roelens, kule Baudouinville, misioni iliyoanzishwa mwaka 1893 juu ya uwanda wa Kirungu. Alikuwa padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi, maana ufalme wa zamani wa Kongo ulikuwa umekwisha kupata mapadri, na hata askofu, karne nyingi mbele yake. Sisi tuliosoma katika seminari kubwa ni wajukuu wa boma lile, tupende tusipende. Ndiyo sababu hatuwezi kulihukumu kama watu wa nje.

III. Treni, tanuru na simenti

Kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Njia ya chuma ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama kwenye Lualaba mwaka 1918, ikipita Lubudi. Shughuli za Eklezya nazo ziligawanywa: Wabenedikto walipewa Prefektura ya Katanga mwaka 1910, Wafransisko wakapewa Prefektura ya Lulua na Katanga ya kati mwaka 1922. Prefektura hiyo ikawa Vikarieti mwaka 1934, na jimbo la Kamina mwaka 1959, Baba Mtakatifu Yohana XXIII aliposimamisha majimbo kamili katika Kongo. Mwaka 1971 likaanzishwa jimbo la Kolwezi.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Lubudi ilipata jina kwa jambo lingine: simenti. Kampuni ya Ciments du Katanga ilianza kuchoma mawe ya chokaa ya inchi yetu kwa kulisha machimbo, njia ya chuma na miji ya shaba. Jambo hili linastahili kuangaliwa vema. Simenti ya Lubudi ilipanda treni ikaenda kujenga viwanda na kambi za wafanyakazi. Lakini makanisa ya vijijini, hata yale ambayo watu wake waliweza kusikia treni ikipita, kwa kawaida yaliinuliwa kwa udongo uliochomwa. Mfuko wa simenti ulikuwa na bei. Udongo ulikuwa chini ya miguu.

Tena udongo wetu ni mzuri. Katika pori la Katanga vinasimama vichuguu vikubwa, vingine vinapita meta 5 kwa urefu. Mchwa wanapandisha udongo laini wa chini, nao ukikandwa na maji unashikana vizuri kwa kufyatua matofali. Kazi ilifuata majira. Mvua zilipokwisha, toka mwezi wa Mei, watu walivunja kichuguu, wakakanda udongo kwa miguu, wakafyatua, wakaanika. Nyuma ya pale walipanga matofali mabichi yenyewe kuwa tanuru, wakaacha matundu ya kuni chini, wakalipaka udongo nje, wakalisha moto siku nyingi, usiku na mchana. Kama mvua ya kwanza ya Oktoba ilikuta tanuru halijachomwa, kazi ya mwaka mzima ilirudi kuwa tope.

Nani alifanya kazi hiyo? Katika picha za zamani tunaona padri au frera amesimama mbele, kofia kichwani, na nyuma yake ukuta. Lakini ukuta ule umeinuliwa na wafyatuaji, wakata kuni, waashi na maseremala ambao majina yao hayakuandikwa, na kina mama waliobeba maji toka mtoni kwa vichwa vyao. Wengine walilipwa kitambaa, chumvi, au pesa kidogo. Wengine walifanya kazi hiyo kama sehemu ya ukatekumeni wao, wala si wote waliokuwa na uhuru wa kukataa. Mafrera walifundisha kupasua mbao za mulombwa, kupiga upinde juu ya dirisha, kushika timazi. Na ufundi huo ulibaki kijijini hata mafrera walipokwenda. Hukumu ya haki itaona mambo haya mawili kwa pamoja: jasho ambalo halikulipwa sawasawa, na ufundi uliopatikana kweli.

IV. Nyumba yenyewe

Sasa tuingie ndani. Makanisa ya namna hii yanafanana sana, toka moja hata lingine. Nyumba ni ndefu na nyembamba. Kuta ni nene, nazo zinasaidiwa kwa nje na nguzo za matofali zilizoshikamana na ukuta. Madirisha ni membamba, yako juu, yana upinde. Mlango mkubwa uko upande mmoja, altare upande wa pili, imeegemea ukuta wa mwisho, juu ya ngazi tatu. Katikati ya altare na watu kuna kizuizi cha kupokelea Komunyo. Zamani wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Kando ya altare kuna mlango mdogo wa sakristia, ambapo padri anaingilia.

Tukiisoma nyumba hii kama kitabu, inatuambia wazi ilijengwa kwa kazi gani. Ilijengwa kwa ajili ya Misa ya Kilatini, padri akielekea ukutani pamoja na watu wote, watu wakiwa nyuma yake katika safu. Kwa kazi hiyo ilifaa kabisa. Urefu wake uliwapa watu mwendo: mtu alitoka kwenye mwanga mkali wa uwanja, akaingia katika kivuli, macho yake yakavutwa mbele hata kwenye taa ndogo ya Sakramenti Takatifu. Tunawaambia wanaolaumu giza la makanisa haya: giza hilo halikuwa kosa la mjenzi. Katika inchi ya jua kama yetu kivuli ni adabu ya nyumba. Ukuta mnene unakaa baridi mpaka saa nane, na sauti ya wimbo inakaa ndani yake kama maji ndani ya mtungi. Ingia mchana katika kanisa jipya la ukuta mwembamba na manjanja yasiyo na dari, utaona tofauti. Na mvua ikinyesha wakati wa mahubiri, padri atafunga kitabu na kungoja.

Basi uzuri wa kwanza wa nyumba hizi ni kwamba zimekubali inchi. Uzuri wa pili ni kiasi. Tofali linashikwa kwa mkono mmoja wa mtu, na nyumba iliyojengwa nalo, hata ikiwa kubwa, inabaki na kipimo cha mkono huo. Uzuri wa tatu ni kwamba zinaweza kuponywa. Tofali moja likioza, mwashi wa kijiji analitoa, analiweka jingine. Hahitaji kungoja lori toka Kolwezi.

Lakini kasoro yake ni kubwa, nayo haiko katika matofali. Iko katika mpango. Nyumba hii inawajua watu wawili tu: anayetenda na wanaotazama. Haina mahali pa wale wanaoimba na kucheza, haina mahali pa kubatizia watu wazima mbele ya jamaa yao, haina mahali pa mzee wa kijiji, haina mahali ambapo watu wanaonana uso kwa uso. Ukuta wa boma wa Mpala ulitenga walio ndani na walio nje. Kizuizi cha Komunyo kilikuwa na maana yake ya heshima, lakini katika inchi iliyozoea boma, watu walikisoma kama boma dogo ndani ya boma kubwa.

V. Eklezya imesema nini

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika maandishi juu ya Liturjia yaliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha mambo mawili yanayotuhusu hapa. La kwanza, Eklezya haijapata kuchukua namna moja ya ujenzi iwe yake peke yake. Kila taifa linaweza kuleta sanaa yake. La pili, makanisa yajengwe hivi kwamba Wakristu waweze kushiriki kwa matendo. Mwaka uliofuata, 1964, maagizo yaliyoitwa Inter Oecumenici yalitaka altare kubwa isimame mbali na ukuta, kusudi mtu aweze kuizunguka kwa urahisi, na Misa iweze kusomwa mbele ya watu.

Angalia neno hilo: kuizunguka. Kwa Ulaya lilikuwa neno la nafasi na ubani. Kwetu likawa zaidi. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya Roma kwa ajili ya majimbo ya Zaïre, kama inchi yetu ilivyoitwa siku zile. Katika Misa hiyo tunawaita watakatifu na mababu wenye moyo mnyofu. Tunasikiliza Injili tukiwa tumeketi, kama watoto mbele ya mzazi. Toba na amani vinakuja nyuma ya Neno. Na wakati wa Utukufu padri na watumishi wanacheza wakiizunguka altare. Basi tunauliza: watazunguka namna gani, kama altare imeshikana na ukuta? Na maandamano ya sadaka, kina mama wakija na mihogo, mahindi na kuku, yatapita wapi, kama njia ya katikati haitoshi watu wawili?

Katika parokia nyingi jibu lilikuwa kuweka meza ya mbao mbele ya altare ya zamani. Hii ilikuwa dawa ya haraka, nasi tunaielewa. Lakini dawa ya haraka ikikaa miaka mingi inakuwa ugonjwa. Leo tuna altare mbili: moja ya matofali isiyotumika, iliyojaa maua ya plastiki, na nyingine ya mbao inayotikisika. Padri amebanwa katikati. Anayecheza mbele yake anacheza juu ya ngazi, akiogopa kuanguka.

Jimbo letu lilipata pia fundisho jingine, ambalo halikutoka kwa wajenzi. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyefika Kongo mwaka 1933, anajulikana kwa kitabu chake La philosophie bantoue kilichotolewa Elisabethville mwaka 1945. Lakini kazi iliyowagusa watu zaidi ni ile ya Jamaa, iliyoanza kati ya wafanyakazi wa machimbo huko Kolwezi mwaka 1953. Mabwana na wake zao walikutana wakaketi pamoja, wakaongea juu ya uzima, uzazi na upendo. Jamaa ilileta mashaka mengi baadaye, na maaskofu walilazimika kuyakata. Hapa hatuyafungui tena. Tunachotaka kusema ni hiki: watu wale wale waliokaa kimya katika safu za kanisa walipata maneno walipoketi uso kwa uso. Jumuiya hai za msingi zinatuonyesha jambo lile lile kila wiki. Nyumba ya mtu, mikeka, viti vichache, duara: pale Wakristu wetu wanasema. Kwa nini wakifika kanisani wanapoteza sauti? Kuta hazina kosa lote, lakini zina sehemu yake.

VI. Mfuko wa simenti

Hapa tunakuja kwa wale wanaosema: basi tubomoe. Kumwambia mtu wa Lubudi asitumie simenti ni kama kumwambia mvuvi wa Lualaba asile samaki. Sisi hatusemi hivyo. Simenti ni kitu chema mahali pake: katika msingi, katika sakafu, katika mshipi unaofunga kuta juu chini ya paa. Tunachokataa ni imani kwamba simenti ni maendeleo yenyewe, na kwamba tofali ni umaskini.

Kwanza, kupaka simenti ukuta wa zamani si kuuponya. Kuta nyingi za misioni zilijengwa kwa matofali yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua: maji yanayopanda toka chini, au yanayoingia kwa paa lililotoboka, yanatoka tena taratibu kwa uso wa ukuta. Ukiufunika kwa ngozi ngumu ya simenti, maji yanabaki ndani. Tofali linalainika. Jua likipiga, ngozi inapasuka, inaanguka vipande vipande, nayo inavuta uso wa tofali pamoja nayo. Nyuma ya miaka michache watu wanasema: tazama, kanisa la zamani limeoza. Kumbe halikuoza, limezuiwa kupumua. Dawa yake ni chokaa, na chokaa inatoka katika mawe yale yale ya inchi yetu, kwa moto mdogo kupita ule wa simenti: kuchoma chokaa kunadai joto la digri 900 hivi, simenti inadai karibu 1450.

Pili, tazama makanisa yaliyoanzishwa mahali pa yale yaliyobomolewa. Msingi mkubwa umechimbwa, kuta zimefika kwenye madirisha, na mfadhili amenyamaza. Wakristu wanasali chini ya turubai kati ya kuta zisizo na paa, na majani yanamea mahali altare ilipotakiwa kusimama. Wazee wanasema mwenda pole hajikwai. Aliyebomoa nyumba yake mbele ya kuezeka ya pili amekwenda mbio.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi: kanisa lililongoja mifuko toka mbali linawafundisha Wakristu kungoja. Wale waliovunja kichuguu kwa majembe, hata kama wengine walisukumwa, walijua kila tofali la kanisa lao. Watoto wao wanajua namba ya akaunti ya mfadhili tu.

Mtu atatujibu kwa haki: matanuru yanakula miti, na pori letu limekwisha kukatwa sana kwa makaa. Ni kweli. Hatutaki kurudi kwa matanuru makubwa ya zamani. Lakini ndiyo sababu nyingine ya kutobomoa: moto uliochoma matofali yale umekwisha kulipwa mara moja, na msitu ule hautarudi. Kwa sehemu mpya kuna tofali la udongo linalobanwa kwa mashine ya mkono, bila kuchomwa, likichanganywa na simenti kidogo, sehemu 5 hadi 8 katika sehemu 100 za udongo. Hapa simenti ya mawe ya chokaa na udongo wa kichuguu vinapatana, kila kimoja mahali pake.

VII. Shauri letu

Mapadri wenzetu, na ninyi waseminari mtakaopewa parokia hizi kesho, tunamaliza kwa mashauri machache yasiyodai mali nyingi.

Kwanza, mtoe altare ukutani. Kama ile ya zamani ni nzuri, iachwe nyuma kwa heshima, iwe mahali pa tabernakulo. Lakini altare ya Misa iwe moja, imara, ya tofali au jiwe, nayo iwe na nafasi pande zote nne. Sisi tungependa meta 3 kila upande mahali panapowezekana. Ngazi tatu zifanywe jukwaa moja pana, la chini, ambalo mama mzee anaweza kulipanda na kikapu chake.

Pili, mgeuze viti. Katika nyumba ndefu, altare ikiletwa mbele, sehemu ya watu wanaweza kukaa kulia na kushoto kwake, wakaangaliana. Hakuna tofali hata moja linaloguswa kwa kazi hiyo.

Tatu, mahali kanisa ni dogo kweli, mlifungue ubavuni kuliko kulibomoa. Kati ya nguzo na nguzo ukuta unaweza kutobolewa upinde, na nje yake ukajengwa ukumbi wenye paa, kama baraza ya nyumba zetu. Kazi hiyo sharti isimamiwe na mtu mwenye elimu yake. Sheria ya Eklezya yenyewe inadai shauri la wenye ujuzi katika kujenga na kutengeneza makanisa. Mwashi asianze kutoboa Jumatatu kwa neno la padri peke yake.

Nne, mtunze paa mbele ya yote. Kanisa la matofali halifi kwa uzee; linakufa kwa manjanja mawili yaliyong'oka yasirudishwe, kwa mfereji ulioziba, kwa popo walioachwa darini. Kila mwaka mwezi wa Septemba, mbele ya mvua, jumuiya zipande kukagua.

Tano, muandike. Mkae na wazee, mwulize nani alifyatua, nani alichoma, tanuru lilisimama wapi, kengele ilifika siku gani. Majina hayo yaandikwe katika kitabu cha parokia, pamoja na yale ya mapadri.

Hatusemi kwamba kuta zinaokoa roho. Boma la Mpala lilijengwa kwa nia nyingine kabisa, na Mungu alilitumia kumlea padri. Lakini Mungu kulitumia boma hakutupi sisi ruhusa ya kubaki bomani. Wazee wetu walituachia matofali. Kazi yao ilikuwa kuinua ukuta, nao waliifanya. Kazi yetu ni kuwaacha Wakristu wafike kwenye altare na kuizunguka. Kazi hiyo inaweza kuanza majira haya ya kiangazi, na mafundi wawili.